Mrushaji Niliyemficha

Nitaanza na lililo baya kwangu, lisije likasemwa na mwingine: katika wote waliowahi kuirushia mipira timu yetu, mimi ndiye niliyekuwa dhaifu kuliko wote. Labda si wote. Kuna bwana mmoja aliyerusha mara moja tu akateguka bega, lakini huyo sioni haki kumhesabu.

Timu yenyewe ilikuwa ya mpira wa Kimarekani, ule mpira wenye umbo la papai changa, ila si ule wa kuvaa makofia magumu na kugongana kama mafahali. Wetu ulikuwa wa vitambaa. Kila mchezaji anafunga mkanda wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia kiunoni. Ukiwa na mpira na mtu akakuchomoa kitambaa, umekamatwa, mchezo unasimama, mnaanza tena. Watano kwa watano, wanaume na wanawake mchanganyiko, kila Jumapili mchana, katika uwanja wa manispaa mwendo mfupi kutoka Neasden. Mmoja anasimama nyuma, anapewa mpira, anatazama nani yuko wazi, anarusha. Wenyewe wanamwita kwotabeki. Sisi, kwa kuwa nusu yetu tulitoka Afrika Mashariki, tulimwita mrushaji tu, na timu nzima ilikula au ililala njaa kwa mkono wake.

Mrushaji wetu wa haki alipata kazi Manchester akahama. Nikawekwa mimi, kwa sababu siku ile nilikuwa nimesimama karibu na mpira. Sisemi hivi kwa unyenyekevu, ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia hapo tukafungwa na kila aliyekuja. Tulifungwa hata na timu iliyokuja pungufu ya mtu mmoja.

Lakini niliipenda ile nafasi. Siku zile nilikuwa nikifanya kazi Hounslow, katika jiko kubwa linalopanga vyakula vya ndege. Unaweka kipande cha kuku kwenye trei, mkanda unapita, unaweka kingine. Mkanda haumsubiri mtu. Basi la saa kumi na moja alfajiri halimsubiri mtu. Nyumbani, nikianza kusema jambo kwa Kiswahili, watoto wananijibu kwa Kiingereza sijafika hata nusu, na ubaya zaidi ni kwamba jibu lenyewe huwa sahihi. Jumapili tu, watu tisa walisimama kimya kwenye nyasi wakinisubiri mimi niseme "haya". Sikutaka kumpa mtu mwingine lile "haya".

Nahodha wetu alikuwa Mkenya wa Nakuru, muuguzi, mtu wa kanisa asubuhi na mpira mchana. Alikuwa ameujulia mchezo huu Marekani alikokwenda kusoma. Jumapili moja tukikunja mikanda, baada ya kipigo ambacho sitakieleza, akaniambia:

"Boss, wewe ni mtu wa haki, si ndiyo?"

"Najaribu."

"Si ni wewe ulimwambia refa kitambaa chako kimetolewa, na refa hakuwa ameona?"

"Kilikuwa kimetolewa."

"Tulipoteza hiyo mechi."

"Tungeipoteza vilevile."

"Hiyo pia ni ukweli. Sasa, nataka mtu wa haki anitafutie mrushaji. Sio ati wewe ni mbaya." Akafikiri, maana na yeye hakupenda kusema uongo Jumapili. "Uko mbaya, lakini sio ati una makosa."

Nilirudi nyumbani nimepewa heshima na nimetukanwa, na sikujua nianze kusikia kipi. Nikatoa daftari langu nikaandika kanuni. Shule niliishia kidato cha pili, na mtu wa kidato cha pili akipewa kalamu ya kutungia kanuni, kanuni haziwi chache. Nilizipunguza mpaka zikabaki hizi: kila anayetaka aje, kila mmoja arushe mipira kumi, ya karibu, ya kati na ya mbali, unaodakwa ni alama moja, usiodakwa si kitu, alama aandike mtu mwingine, si mimi, kwa kuwa na mimi nashindania, na mtu akilingana alama na aliyepo, aliyepo abaki. Hiyo ya mwisho niliiandika haraka.

Kazi ya kuandika alama nilimpa mwenye duka. Alikuwa Mhindi wa Mwanza, ana duka la viungo pale Neasden, Kiswahili chake kizuri kuliko changu na alikuwa akijua. Kila Jumapili alifika uwanjani akitokea hekaluni, alama nyekundu bado ipo kwenye paji la uso, na kwa umri wake alikimbia kwa namna ya kutia aibu vijana. Yeye na nahodha ndio waliokuwa wadakaji wetu wazuri, kwa hiyo ndio waliowadakia wanaojaribiwa. Karatasi aliitia mfukoni, akidaka anaitoa, anaandika, anairudisha.

Habari niliisambaza kazini, dukani kwake, na kwenye mkahawa mmoja wa Edgware Road ambako kila meza ina mtu anayemjua binamu yako. Wakaja watu. Alikuja Mwomani mmoja, mgeni, bibi yake mzaa mama mtu wa Unguja, mkono kama manati. Mpira wake wa kwanza ulivuka uzio ukamkuta mama mmoja kituo cha basi. Wa pili pia. Aliuliza kama tuna mtu upande ule. Alikuwa muungwana sana, akatununulia kahawa sote, na Alhamisi akarudi Maskati. Alikuja Mkongo aliyewahi kuwa golikipa, akarusha vizuri kabisa mpaka alipopata hamu, ndipo akauangusha mpira na kuupiga teke mbali, kisha akatutazama kwa huzuni kama mtu aliyeteleza ulimi mbele ya wakwe. Alama tatu. Alikuja dada mmoja Mwingereza, mwalimu, alama tano, na ningempa nafasi kwa moyo mweupe, ila mimi wiki ile nilipata tano pia, na kanuni ilikuwa ile.

Sasa niandike nililolificha.

Dada mkubwa wa mke wangu alikaa palepale Hounslow, flati ya ghorofa ya tatu, kazi yake kutunza wazee majumbani. Tulikuwa na gari moja la kushirikiana. Asubuhi ya zamu yangu nilisimama chini penye maegesho, yeye anafungua dirisha, ananirushia ufunguo. Miaka miwili sikuwahi kunyoosha mkono kuufuata. Nilikiweka kiganja wazi mbele ya tumbo, kama mtu anayepokea sadaka, na ufunguo ukaja ukaketi. Mvua iwepo, upepo uwepo, awe na kikombe cha chai mkono wa pili.

Na nilijua ulikotoka mkono ule. Mtaani kwao Unguja alikuwa bingwa wa nage. Asiyeijua nage: wanasimama warushaji wawili, mmoja huku na mmoja kule, na katikati wasichana wanajaza chupa mchanga huku wakikwepa mpira wa soksi. Ukipigwa, umetoka. Chupa ikijaa, mmeshinda. Mke wangu anasema yeye na wenziwe hawakuwahi kuiona chupa imejaa dada yake akiwa anarusha. Mpaka leo ukitaja nage mbele ya mke wangu, shingo yake inaingia mabegani.

Kwa hiyo nahodha aliponiambia nitafute mtu, la kwanza kunijia kichwani lilikuwa dirisha la ghorofa ya tatu. Usiku haujaingia nikaandika katika daftari: "Nimewafikiria wote ninaowafahamu." Ukurasa ninao. Ni uongo, na mwandiko wake ni mzuri kuliko kurasa nyingine zote.

Nilikuwa na nyudhuru. Ni mwanamke, lakini timu ilikuwa na wanawake wawili. Ana miaka arobaini na mitatu. Lakini mwenye duka alimzidi kwa kumi. Anajisitiri, lakini kanuni za mchezo hazisemi lolote kuhusu mtandio. Kila udhuru nilioutunga ulikuwa na mtu uwanjani wa kuukanusha. Nikaacha kutunga, nikaendelea kunyamaza, ambalo ni jambo rahisi zaidi.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, alinirushia ufunguo huku anaongea na simu, uso ameugeuzia ndani. Ukaja ukaketi kiganjani. Nikasimama pale nikiutazama. Kisha, badala ya kwenda garini, nikapanda ngazi.

"Shemeji, umepanda ngazi," akasema mlangoni. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi ingia, utakufa wewe na hiyo pumzi. Nasikia huko kwenye mpira mnafungwa."

"Kidogo."

"Mdogo wangu kanambia mlifungwa na watu wanne."

"Walikuwa wazuri."

"Walikuwa wanne, shemeji."

Nikamweleza. Nilieleza mchezo, vitambaa, mrushaji, majaribio, kanuni. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo.

"Na mnamtafuta tangu lini huyo mtu?"

"Wiki tatu."

"Na wiki tatu hizo mimi unaniona."

"Nakuona."

Akanitazama kama anavyowatazama wale wazee wake wanaposema vidonge wameshameza. Nilidhani atanisuta. Badala yake akauliza, "Mnavaa nini?"

"Chochote. Mkanda unafungwa juu yake."

"Na anayenikimbiza ananishika wapi?"

"Hakushiki. Anachomoa kitambaa tu. Akikugusa mwili ni kosa lake."

"Basi anitafutie vitambaa virefu huyo nahodha wako, mikono ya watu ikae mbali. Nitakuja. Jumapili nimechoka kukaa na simu nikisikiliza nani kaolewa."

Alikuja na suruali ya michezo, shati refu la kufika magotini na mtandio ameuchomeka vizuri. Nilirusha mimi kwanza. Niseme ukweli wote: siku ile nilirusha vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, nikapata sita. Upepo ulinisaidia, lakini upepo haukuwa na jina la mtu, na yeye angeupata uleule.

Zamu yake. Mwenye duka akatoka mbio, akageuka kuutafuta mpira, na alichokiona ni mwanamke ameupeleka mkono nyuma ya sikio, macho ameyakaza kiunoni kwake. Akaanguka kifudifudi. Mpira ukapita pale palipokuwa na kifua chake.

"Mbona umelala?" shemeji akamuuliza.

"Sijui," mwenye duka akasema, mdomo uko kwenye nyasi.

Wa pili ulikwenda kwa nahodha. Nahodha, mtu mzima, muuguzi wa chumba cha upasuaji, aliruka juu akapanua miguu, mpira ukapita katikati yake. Wa tatu mwenye duka alilala tena, safari hii mapema zaidi. Wa nne nahodha aliukimbia waziwazi, ukamfikia mgongoni. Wenzetu Waingereza walikuwa wamekaa chini kwa kicheko, maana wao waliona watu wazima wawili, waliokuwa wakidaka mipira ya kila mtu, leo wanaukimbia mpira kama nyuki.

"Hii ni rede," mwenye duka alisema akijifuta, maana kwao nage huitwa hivyo. "Mwanza nilicheza na mabinti wa jirani mpaka nikakatazwa. Mwili wangu unaijua."

"Kwetu inaitwa kati," nahodha akasema. "Mama, wewe unalenga mtu."

"Nilenge nini, mti?"

"Unarushia mtu adake. Si umuue."

"Mimi nimerusha. Nyie ndio mnakufa." Akauchukua mpira akaugeuzageuza. "Hebu nikuulizeni. Huko kwenu, aliyekuwa katikati akiudaka mpira alipata nini?"

Wakatazamana. "Uhai," nahodha akasema.

"Uhai mmoja," mwenye duka akaongeza, "na ukitaka unamrudisha mwenzako aliyetoka."

"Basi uhai huu hapa, mnaukimbilia wapi?"

Ilibaki mipira sita. Walidaka sita. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mimi sikuwahi kuwa nacho wala nisingekipata kwa mazoezi. Mimi nilimrushia mtu pale alipo, akawa ameshapita. Yeye hakuangalia uso wala mikono, aliangalia kiuno, na mpira aliupeleka pale mtu atakapofika. Ile miaka ya nage ilimfundisha mtu anakimbilia wapi kabla mwenyewe hajaamua. Wa mwisho mwenye duka aliukuta kifuani akiwa bado anatafuta njia, akaukumbatia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Kisha akatoa karatasi, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Sita," akasema. "Na yeye sita." Akanitazama kwa huruma, au labda haikuwa huruma, sitaki kumsingizia. "Kwa kanuni, anabaki aliyepo."

Kanuni wote walikuwa wameikubali. Shemeji akainama akachukua mfuko wake.

"Kanuni ni kanuni," akasema. "Nani kaiandika?"

"Mimi."

"Ina faida yake."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana liliniingia. Nilikuwa nimeshinda kihalali, mbele ya mashahidi, kwa karatasi iliyoandikwa na mtu mwaminifu. Jumapili ijayo watu tisa wangesimama wanisubiri. Nilichohitaji kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya nilikuwa nimekuzoea kwa wiki tatu.

"Ile mipira minne ya kwanza," nikasema, "haikuwa mibaya. Wadakaji ndio walioanguka."

"Hiyo ni ukweli," nahodha akasema, "lakini imeandikwa: usiodakwa si kitu."

"Na kuna lingine. Ile kanuni ya kulingana niliiandika nikiwa namjua yeye yupo. Nilijua tangu siku ile uliponiambia. Sikumwita."

"Kwa hivyo wiki tatu ulijua," nahodha akasema.

"Wiki tatu."

"Na tumefungwa mara tatu."

"Mbili. Ile ya tatu mvua iliivunja."

Mwenye duka alikuwa ameishika kalamu hewani. "Sasa niandike nini?"

"Andika kwamba nimeshindwa."

"Kwa alama ngapi?"

"Sijui. Andika tu."

Aliandika, na bila shaka aliandika vizuri, lakini karatasi sikuomba kuiona. Shemeji aliuweka mfuko chini. "Mtu wa haki," akasema, "lakini haki yenyewe inakuja kwa basi la mwisho." Wakacheka wote, na mimi pia nikacheka, kwa kuwa alikuwa na haki ya kusema na ilikuwa kweli.

Likabaki suala langu. Nahodha, kwa wema, hakutaka nikae nje. Akanipa kazi ya mtoa mpira: yule anayesimama mbele kabisa, mpira uko mikononi mwake, akiambiwa anaurudisha nyuma kwa mrushaji. Kila mtu aliyewahi kuuona mchezo huu kwenye televisheni anajua mtoa mpira anavyofanya. Anainama mpaka chini, anampa mrushaji mgongo, na si mgongo hasa, na mpira anaupitisha katikati ya miguu.

Nilimtazama shemeji. Shemeji alitazama upande wa kituo cha basi.

"Nahodha," nikasema, "mimi siwezi kumwinamia huyu hivyo. Ni dada mkubwa wa mke wangu."

"Ni mchezo tu, boss."

"Huyo akiinama hivyo mbele yangu," shemeji akasema, bado anatazama kituo cha basi, "mimi narudi Hounslow, na mdogo wangu nitamweleza sababu."

Mwingereza mmoja akauliza tatizo ni nini. Nahodha akafungua mdomo aeleze, akaufunga, kisha ghafla akaelewa. "Ngoja," akasema. "Ingekuwa mama mkwe wangu..." Hakumaliza. Akampigia refa simu palepale. Jibu likaja: mpira lazima urudi nyuma kwa tendo moja, lakini haijaandikwa popote kwamba lazima upite katikati ya miguu. Mtu anaweza kusimama kiubavu. Tukafanya mazoezi wiki nzima, mimi nimesimama ubavu kama mtu anayepitisha trei dirishani, kazi ambayo mikono yangu ilikuwa imeisomea.

Mechi ya kwanza tulicheza na wale wale waliotufunga wakiwa wanne. Safari hii walikuwa watano. Nikasimama mbele na mpira, nyuma yangu shemeji, kushoto nahodha, kulia mwenye duka, na yule mwalimu Mwingereza mwenye alama zake tano, ambaye tulimwomba abaki. Uwanja ukanyamaza.

"Haya," shemeji akasema.

Mpira ulikuwa mkononi mwangu. Ilitakiwa niutoe papo hapo, tulivyofanya mara mia. Sikuutoa. Niliushika kidogo zaidi, labda kwa kiasi cha kuvuta pumzi na kuishusha, na watu wote tisa walikuwa wamesimama pale wakinisubiri mimi. Upande wa pili mmoja wao hakuweza kuvumilia, akatoka mbio kabla mpira haujatoka, refa akapiga filimbi, kosa likawa lao na sisi tukasogezwa mbele bure.

Nahodha alikuja akanipiga bega. Alisema ule ulikuwa ujanja wa hali ya juu na tuufanye tena kipindi cha pili. Shemeji alinitazama tu, na nadhani alijua. Haukuwa ujanja. Nimeuandika hapa ulivyokuwa.